Dereva Mmoja Hatoshi

Mhadhara kwa wachumba wanaojiandaa kwa ndoa, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wazazi mliokuja kuwasindikiza watoto wenu, na ninyi wachumba ambao ndio wenye shughuli, nawashukuru kwa kunialika. Katika vikaratasi vya maswali mlivyokusanya, swali moja limejirudia kwa miandiko ya kila namna: je, kujua kuendesha gari ni sifa ya kuangaliwa mtu anapochagua mwenzi wa maisha? Wanaonifahamu wanajua nitakakoelekea, kwa sababu nimeyasema haya katika semina nyingi mno, na kazi yangu ya kufundisha udereva, ya kukaa kiti cha kushoto huku mguu ukisubiri juu ya breki ya mwalimu, imenipa msimamo ambao siuonei haya.

Tuondoe utata mmoja kwanza. Binti anaposema anataka mwanamume anayeendesha, mara nyingi anataka mwanamume mwenye gari na anatumia lugha ya adabu, na kijana anayejitambulisha ukweni kwa kuzungusha funguo kidoleni analijua hilo vizuri. Gari linaweza kuingia nyumbani kwa siku moja, likitolewa bandarini baada ya kushushwa melini kutoka Japani, na linaweza kuondoka kwa siku moja vilevile mkopo ukiwashinda. Udereva hauingii hivyo wala hautoki hivyo. Unadai shule inayotambuliwa, leseni ya kujifunzia, mtihani mbele ya askari wa usalama barabarani, ndipo TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, ikupe leseni yenye daraja D, na leseni hiyo haichukuliwi na benki. Leo nazungumzia udereva. Mwenye haja ya kuzungumzia magari yuko mnada wa magari, mumfuate huko.

Msimamo wangu ni huu. Mchumba asiyejua kuendesha si mchumba mwenye dosari, kwa kuwa jambo hilo hufundishika, tena kwa muda mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Mchumba anayenitia wasiwasi ni yule anayejua, au anayepanga kujua, na papo hapo anataka abaki kuwa yeye peke yake. Nyumba yenye gari na dereva mmoja inatembea kwa mguu mmoja, na ajabu yake ni kwamba wenye nyumba hawaoni kuwa wanachechemea mpaka mguu huo uumie.

Angalieni mambo yanavyokwenda. Mwenye usukani ndiye anayeamua sherehe inaisha saa ngapi, hata kama aliyealikwa ni mwenzake. Ndiye anayeamua mama mkwe wa Chalinze atasalimiwa mwezi huu au mwezi ujao, na haamui kwa ukatili, ila kwa kusema tu kwamba amechoka, nani atabishana na mtu aliyechoka? Akinywa bia nne harusini, anayempenda na asiyejua kuendesha ana mawili ya kuchagua, kupanda gari na kuomba Mungu njia nzima au kugombana mbele ya watu, na wengi huchagua maombi. Akiugua usiku huko Bunju, gari limelala uani likiwa na mafuta, na mke anagonga mlango wa jirani. Wala msidhani dereva huyo anafaidi. Yeye ndiye wa kupeleka watoto shule, yeye wa sokoni, yeye wa msibani, yeye wa kumpokea shangazi stendi ya Mbezi saa kumi za usiku kwa sababu shangazi hapandi bajaji na mizigo. Nimewasikia wanaume wakilalamika kwamba wamekuwa madereva wa familia, nami huwauliza swali moja: ulimzuia nani asijifunze?

Kuna jambo linalonishangaza kila msimu wa harusi. Tunafanya kitchen party ambako bibi harusi hupewa jiko la gesi, friji, seti za sahani, na sufuria za kumtosha mama lishe. Kamati ya harusi hukusanya michango kwa kadi na kwa simu, ikakodi ukumbi, mapambo na matarumbeta. Katika vikao vyote hivyo sijasikia hata mjumbe mmoja akisimama na kusema: tutoe sehemu ndogo ya fedha hizi, bwana na bibi harusi wapelekwe shule ya udereva wote wawili kabla ya fungate. Nimelipendekeza mwenyewe katika kamati za ndugu zangu, nikaambiwa kwa heshima kwamba bajeti ya keki imeshabana. Keki huliwa kwa nusu saa.

Sasa naomba radhi kwa waliokwisha kunisikia, kwa sababu lazima nimtaje yule mama wa Kijerumani. Mwaka 1886 mhandisi Carl Benz wa mji wa Mannheim alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya gari lake la magurudumu 3 lililokwenda kwa injini. Gari lilikuwapo, wanunuzi hawakuwapo, na yeye alikuwa fundi wa kurekebisha na kurekebisha tena, asiyethubutu kukitoa chombo chake kikaonekana mbali na nyumbani. Mkewe, Bertha, alikuwa ametia fedha katika kazi hiyo hata kabla ya ndoa yao ya mwaka 1872, fedha alizotengewa na wazazi wake kwa ajili ya kuolewa, maana kwa desturi yao mahari ilitoka upande wa binti. Wazazi wa kiume mliopo hapa msianze kuchekelea. Basi asubuhi moja ya Agosti 1888, bila kumwambia mumewe, mama huyu alilichukua gari pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, wakashika njia kuelekea Pforzheim kwa mama yake mzazi, safari ya zaidi ya kilomita 100 ambayo hakuna gari lililowahi kuifanya.

Kituo cha mafuta hakikuwapo popote duniani. Mafuta aliyanunua katika mji wa Wiesloch, kwenye duka la dawa, kwa sababu kimiminika kile kiliuzwa kwa kuondolea madoa ya nguo. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipochubuka, aliukinga kwa ukanda wa soksi. Mnyororo ulipohitaji kutengenezwa, alimtafuta mhunzi, na breki za mbao zilipolika kwenye miteremko, alimwendea fundi viatu akamwagiza azipigilie ngozi, na huo ukawa mwanzo wa breki zenye bitana. Kwenye vilima gari lilishindwa, vijana wakashuka wakasukuma. Jioni alifika, akampelekea mumewe telegramu. Aliporudi nyumbani hakuleta sifa tupu, alileta ripoti: gari linahitaji gia nyingine ya kupandia mlima. Mume akaiongeza.

Na sikilizeni hili, ambalo husahaulika. Tarehe 1 Agosti 1888, siku chache tu kabla ya safari hiyo, mamlaka ya eneo lao ilikuwa imempa Carl Benz kibali cha maandishi cha kuliendesha gari lake Mannheim na viungani mwake. Kwa hiyo mume alikuwa na karatasi, na mke akawa na safari. Nisinukuliwe vibaya: ukija kwangu bila leseni ya kujifunzia hutagusa usukani, hata ukijiita Bertha.

Watu huniambia kwamba nakipenda kisa hiki kwa sababu ya ushujaa wa mama yule, lakini mimi ninachokitaka ni ile gia. Aliyelitengeneza gari hakujua linashindwa wapi mpaka mwenzake alipokwenda nalo na kurudi. Wenzi wawili wanaokijua chombo kimoja huambiana mambo ambayo mmoja peke yake hayaoni: breki zimeanza kulia, lile lori ulilipita mahali pabaya, macho yako yamechoka, hebu nipe mimi kuanzia Chalinze. Mwenzi asiyejua kuendesha anaposema, baba fulani, punguza mwendo, jibu analopewa mnalijua: wewe unajua nini? Akinyamaza, dereva amepoteza mtu pekee ndani ya gari ambaye angeweza kumrudi kwa upendo. Katika barabara ya Morogoro, yenye malori yaendayo Zambia na Kongo, kumnyamazisha mtu wa namna hiyo ni jambo la hatari, na ndiyo sababu nasema udereva wa mwenzi wako unakuhusu hata kama wewe ndiye unayependa kushika usukani siku zote.

Najua mnachotaka kuniuliza ninyi vijana wa kiume. Mnataka kuniambia kwamba mwanamume akionekana amekaa kiti cha abiria na mkewe anaendesha, mtaa mzima utasema ametiwa limbwata. Ni kweli, utasema. Mtaa huohuo ulisema hivyo kwa mwanamume wa kwanza aliyebeba mtoto mgongoni, ukasema kwa aliyeonekana akiteka maji bombani, na mtaa haujawahi kumlipia mtu yeyote faini ya kuendesha akiwa amelewa. Mwanamume anayeona haya kuendeshwa na mkewe, na haoni haya kuendeshwa na kijana wa bodaboda asiye na kofia ngumu, ana tatizo ambalo shule yangu haifundishi.

Wengine mtasema wanawake wanaogopa, na mke wako ulijaribu kumfundisha akashindwa. Hapo ndipo penye shida, bwana: ulijaribu wewe. Nimewapokea wengi waliofundishwa na waume zao, na huwatambua kabla hawajawasha gari, kwa namna wanavyopandisha mabega. Mume humchukua mkewe Jumapili jioni, humwingiza kwenye gari lisilo na breki ya upande wa pili, humwambia aingize rivasi kati ya nguzo mbili za geti, kisha huanza kupiga kelele: kanyaga, siyo hiyo, nyingine, nyoosha, utanigongea taa! Neno linalobaki kichwani mwa mwanafunzi ni lile la taa. Anajifunza kwamba taa ina thamani kuliko yeye, na Jumapili inayofuata anaumwa kichwa. Mwalimu wa kulipwa hana uchungu na taa yako, hana ugomvi wa juzi alioubeba kifuani, na ana breki yake mwenyewe. Kwa hiyo mpeleke shule, kaa nyumbani, na akirudi usimwombe akuonyeshe alichojifunza mbele ya ndugu zako. Ushauri huu unawahusu wanawake pia, maana siku hizi wapo mabinti wanaojua kuendesha na wachumba wao hawajui, na nimewaona wakiwafundisha kwa kejeli ileile.

Ipo hoja moja ninayoikubali. Mwenye makazi Kimara karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi, mradi ulioanza kutoa huduma mwaka 2016, na mwenye kazi katikati ya jiji, anaweza kuishi na mwenzi wake kwa amani bila hata mmoja wao kujua klachi ni nini. Safari ya Dodoma nayo, tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, haimlazimu mtu kushika usukani. Kadiri usafiri wa umma unavyokuwa mzuri ndivyo swali letu linavyopungua uzito, nami nitafurahi likifa kabisa. Lakini wengi wenu mmejenga au mtajenga pembezoni, mahali ambapo kiwanja kilikuwa cha bei nafuu kwa sababu zinazoeleweka, na huko teksi za kuitwa kwa simu huwa tele mchana, na usiku wa mvua dereva anaangalia ramani, anaona barabara yenu, anafuta safari.

Walioishi Saudi Arabia wanaweza kuwaeleza nyumba huwaje pale ambapo mmoja hakuruhusiwa kabisa. Novemba 1990 wanawake 47 waliendesha magari jijini Riyadh kupinga katazo hilo, wakaadhibiwa. Ruhusa ilianza tarehe 24 Juni 2018. Katika miaka yote ya kati, familia ilimwajiri dereva mgeni au mume aliomba ruhusa kazini ili ampeleke mke kliniki. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, na bado baadhi yetu tunaishi kana kwamba tunayo.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nitayataja tu. Wapo wasioweza kuendesha kwa sababu za afya, kama vile uoni hafifu au kifafa. Kwao swali hili halipo, na atakayemkataa mtu kwa sababu hiyo asitafute hifadhi katika maneno yangu. Jina la nani liandikwe kwenye kadi ya gari ni mada ya mwanasheria, naye mmemwalika wiki ijayo, mumbane. Nilitaka pia kusema kwa urefu kuhusu hasira barabarani, na kwa nini binti anapaswa kumpandisha mchumba wake foleni ya Mbagala saa kumi na moja jioni kabla ya kupokea barua ya posa, ila mada hiyo inahitaji saa nzima na mimi nimeimaliza yangu Ujerumani.

Wachumba watakaotaka kujiandikisha wawili wawili, katibu ana fomu pale mlangoni, na simpokei mtu aliyekuja kumwandikisha mwenzake bila kujiandikisha yeye. Swali la kwanza naomba litoke kwa yule bwana wa safu ya tatu, aliyeinamisha uso mkewe mtarajiwa alipomtazama nilipotaja rivasi.