Mbona Nyuso Zenu Zimekunjamana Leo?

Bwana Yesu asifiwe.

Nawashukuru kwa kunialika, na kwa mada mliyonipa: watu wa Biblia wanatufundisha nini katika maisha yetu ya kila siku. Ni mada pana. Ningeweza kuanza na Ibrahimu nikamalizia na Paulo, mkaenda nyumbani na majina ishirini na fundisho moja kwa kila jina, na kufika Jumatano mngekuwa mmeyasahau yote. Kwa hiyo nimekuja na mstari mmoja. Ni Mwanzo 40:7. Yusufu yuko gerezani, anaingia asubuhi kwa wafungwa wawili, anawatazama, anauliza: "Mbona nyuso zenu zimekunjamana leo?"

Nimesikia mahubiri mengi juu ya Yusufu, na mengine nimeyahubiri mwenyewe. Tunapenda kanzu, tunapenda shimo, tunapenda mke wa Potifa, halafu tunakimbilia ikulu ya Farao. Ujumbe unakuwa: vumilia, zamu yako inakuja. Sisemi ujumbe huo ni wa uongo. Lakini tukikimbia hivyo tunaliruka swali hili dogo, na mimi naamini kuwa moyo wa Yusufu unaonekana hapa kuliko mahali pengine pote.

Angalieni alikuwa katika hali gani. Aliuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha. Akiwa mtumwa nyumbani kwa Potifa alisingiziwa na mke wa bwana wake huyo. Zaburi ya 105 inasema miguu yake iliumizwa kwa pingu. Na kuna jambo ambalo msomaji wa haraka halioni: sura ya 40 inasema gereza hilo lilikuwa katika nyumba ya mkuu wa askari. Rudini sura ya 37 na ya 39 muone cheo cha Potifa ni kipi. Ni mkuu wa askari. Yusufu hakupelekwa mbali na mahali alipoonewa. Na amri ya kuwahudumia wafungwa hao wawili, mnyweshaji na mwokaji wa Farao, ilitoka kwa mkuu wa askari.

Mtu wa namna hiyo, akiwapelekea watu maji na kuondoka kimya, nani angemlaumu? Kazi ameifanya. Hakuagizwa kutazama nyuso. Tena wale wawili walikuwa maofisa wa mfalme, watu waliokula vizuri siku zote alizokuwa yeye kwenye minyororo. Angeweza kusema moyoni, acha nao waonje.

Badala yake anaona kitu. Anasema "leo". Neno hilo lina uzito. Huwezi kusema "mbona leo" kama hukuutazama uso huo jana na juzi. Maana yake Yusufu alizijua nyuso zao za kawaida, za mfungwa aliyezoea, akatambua kwamba asubuhi hii kuna mzigo mpya juu ya ule wa zamani.

Sasa naomba mrudi nami nyuma, kwenye sura ya 37. Yusufu ana miaka 17. Ameota ndoto, miganda ya ndugu zake inauinamia mganda wake. Anawaendea anawaambia: sikieni ndoto hii niliyoiota. Biblia imekwisha kutuambia kwamba ndugu hao walikuwa hawawezi kusema naye kwa amani. Wanamchukia, na baada ya ndoto wanazidi kumchukia. Anaota tena, jua na mwezi na nyota 11, na anakwenda kuwaambia tena! Mimi hujiuliza: kijana huyu hakuona nyuso zao? Nyuso kumi na zaidi mbele yake, zimekunjamana kwa chuki, naye anaendelea kusimulia. Simhukumu. Alikuwa kijana, na ndoto zilikuwa za kweli, zilitoka kwa Mungu. Lakini mtu anaweza kupewa neno la kweli na Mungu na bado asimwone aliyesimama mbele yake.

Yusufu alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, na miaka miwili mizima kabla ya hapo ndipo alipouliza swali lake gerezani. Kwa hiyo tunamwongelea mtu wa miaka 28 hivi. Kati ya 17 na 28 kitu kimetokea ndani yake. Yule aliyekuwa akisema "sikieni ndoto yangu" sasa anasema "tafadhalini mniambie" ndoto zenu. Hii, kwangu, ndiyo kazi kubwa Mungu aliyoifanya katika miaka ile, kabla hajafungua mlango wowote. Tunaomba Mungu atutoe kwenye shida haraka. Mara chache tunamwomba shida isitufunge macho.

Maana shida hufunga macho, ndugu zangu. Ukiumwa jino, dunia nzima ni jino. Na nataka kusema hapa jambo ambalo si rahisi kwangu.

Katika ushirika ninaohudumu kuna ndugu ambaye kazi yake ni kupanga viti. Huja mapema kuliko sisi sote. Huvifungua kimoja kimoja, hunyoosha safu kwa jicho, hurudi nyuma hatua tatu kutazama, halafu husogeza kile kilichotokeza. Siku moja niliingia nikakuta safu zimepinda. Nilikuwa na mambo yangu, mgonjwa nyumbani, usingizi haupo. Nikamwambia, mbele ya watu: ndugu, leo viti vimekaaje hivi? Akasema samahani mchungaji, akaanza kunyoosha. Nikapita. Baada ya ibada ndipo mama mmoja aliponieleza kwamba ndugu yule alikuwa amemzika mwanawe siku nne zilizopita, mahali pa mbali, na hakutaka kusumbua mtu. Nilikuwa nimesema neno "leo", lile lile la Yusufu. Nililisema nikiangalia viti.

Nilimwendea nikamwomba msamaha, na ameniruhusu nilisimulie jambo hili hapa.

Kuna swali ambalo limevaa nguo za swali lakini ndani ni hukumu. Mkitaka kuliona, nendeni Shilo, 1 Samweli sura ya kwanza. Hana, mwanamke asiye na mtoto, anaomba apewe mtoto, midomo inatikisika, sauti haisikiki. Kuhani Eli amekaa kitini penye mwimo wa hekalu, anamtazama kinywa chake. Anamtazama kweli, tena kwa muda. Halafu anauliza: "Hata lini utakuwa mlevi?" Hilo si swali. Jibu amekwisha kulitoa. Na Elkana, mume wake Hana, ambaye alimpenda, aliuliza maswali mazuri kabisa: unalilia nini, kwa nini huli, kwa nini moyo wako una huzuni? Angenyamaza hapo! Lakini hakungoja. Aliongeza papo hapo, "Je! Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?" Yaani huzuni ya mke wake ikageuka kuwa habari ya Elkana. Wanaume tuliooa, tuusome mstari huo polepole. Mara ngapi mtu wa nyumbani mwako ameanza kulia, nawe ukajitetea kabla hujasikia kilio ni cha nini?

Namheshimu Eli kwa jambo moja. Hana alipomjibu, "Sivyo, bwana wangu", mzee alikubali kusahihishwa palepale, akambariki. Na Hana alikwenda akala chakula, na uso wake haukuwa tena na huzuni. Mtoto alikuwa hajapatikana. Alichopata mpaka hapo ni kumimina moyo wake mbele za Bwana, na mtu mmoja aliyegeuza hukumu yake kuwa baraka.

Nirudi gerezani, kwa sababu kuna sehemu ngumu. Wale wawili walimweleza Yusufu ndoto zao. Mnyweshaji alipata habari njema, kwamba baada ya siku tatu atarudishwa kazini. Mwokaji aliposikia tafsiri ni njema naye akaeleza yake, na jibu likawa kifo, siku tatu hizo hizo. Yusufu hakumdanganya. Wengi wetu hatuulizi kwa sababu ya mwokaji. Tunaogopa kwamba tukiuliza tutakutana na jambo tusiloliweza: ugonjwa usio na dawa, ndoa iliyokwisha vunjika, deni tusiloweza kulilipa. Basi tunasalimia kwa sauti kubwa na kupita haraka. Lakini Yusufu alipouliza hakuwa na ahadi ya kutatua. Alisema wazi kwamba kufasiri ni kazi ya Mungu. Yeye alileta masikio yake. Mwokaji alikufa, ndiyo. Lakini hakukaa siku zake tatu za mwisho na ndoto ambayo hakuna aliyetaka kuisikia.

Na jambo jingine, kwa ajili ya wale wanaouliza wengine siku zote. Mko hapa, nawaona: akina mama mnaobeba nyumba, mnaotunza wagonjwa, wazee wa kanisa. Katika sura ile nzima hakuna mahali panaposema kwamba mtu alimwuliza Yusufu hali yake. Ilibidi aseme mwenyewe. Alimwambia mnyweshaji: mimi niliibiwa kutoka nchi ya Waebrania, na hapa sikufanya kosa la kunitia gerezani, utakapopata mema unikumbuke. Yusufu hakujifanya mtu wa chuma. Kuwajali wengine hakukumzuia kusema "nami naumia". Na alisahauliwa, miaka miwili mizima. Siwezi kuwaambia kwamba mkiwauliza watu hali zao nao watawauliza zenu. Mnyweshaji hakuuliza. Ila mwulizaji wa kwanza kabisa wa swali hili katika Biblia hakuwa Yusufu. Fungueni Mwanzo 4. Sadaka ya Kaini haikukubaliwa, uso wake ukakunjamana, na Bwana mwenyewe akamwuliza: kwa nini uso wako umekunjamana? Alimwuliza kabla ya damu ya Habili kumwagika. Mungu aliona uso wa mtu aliyekuwa njiani kwenda kuua, akauliza kwanza. Kwa hiyo kama hakuna mtu aliyekuuliza mwaka huu, usiseme kwamba hakuna aliyeuona uso wako.

Nehemia nitamgusa tu, maana muda unakwenda. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, na kazi hiyo haikuruhusu huzuni. Alipogunduliwa aliogopa sana. Aliyeuliza safari hii ni mfalme wa kigeni, asiyemjua Mungu wa Israeli kama Nehemia alivyomjua: kwa nini uso wako una huzuni, nawe huna ugonjwa? Akaendelea: una haja gani? Tunahesabu siku 52 za Nehemia kujenga ukuta wa Yerusalemu na tunazisifu, nasi tunafanya vema. Lakini kabla ya jiwe la kwanza kulikuwa na mwajiri aliyeutazama uso wa mfanyakazi wake. Mlio na watu chini yenu kazini, mchukueni Artashasta. Msione haya kujifunza kwake.

Na barabara ya Emau. Wanafunzi wawili wanatembea, Bwana aliyefufuka anawafikia, anauliza wanazungumza nini. Luka anaandika, "Wakasimama wamekunja nyuso zao." Kleopa anamshangaa: wewe peke yako ni mgeni Yerusalemu, huyajui yaliyotukia? Naye Yesu, ambaye yalimtukia yeye, mwenye alama za misumari, anauliza: "Mambo gani?" Halafu anawaacha waseme. Wanamweleza kifo chake mwenyewe, wanamweleza matumaini yao yaliyozimika, wanayaeleza nusunusu, na hawakatizi. Makosa yao atayasahihisha, tena kwa ukali kidogo, lakini baada ya kusikiliza mpaka mwisho. Nimekaa na maneno hayo mawili, "mambo gani", kwa wiki kadhaa. Aliyejua yote alikubali kuambiwa.

Sina zoezi la kuwapa, na sitaki mwende mkahoji watu kama askari. Mwingine uso wake umekunjamana kwa sababu hakulala, basi, mwache akalale. Lakini nyumbani mwako kuna uso unaoujua kwa kawaida yake. Kuna mtu mnayekaa naye safu moja kila ibada. Wewe pekee ndiwe unayeweza kumwambia neno lile "leo".

Maswali tutayachukua baada ya sala. Nami nitakaowajibu nitawaomba mnifuate nyuma ya ukumbi, kwa sababu nimemwahidi ndugu yangu kwamba leo tutakunja viti pamoja, na tangu asubuhi sijamwuliza amelalaje.