Ugeni Ndio Somo la Kwanza la Chuoni

Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya vijana waliomaliza kidato cha nne na wazazi wao

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu na mama zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya faida za kwenda chuo. Habari za kazi na mshahara mmeshazisikia, na wapo wanaozieleza vizuri kuliko mimi. Nataka kusema juu ya jambo ambalo halimo katika barua ya kuitwa chuo wala katika karatasi ya karo: ukienda chuo unakuwa mgeni. Nimesoma bara, nimerudi nafanya kazi ya utunzaji wa mikoko hapa kwetu, na naamini kabisa kwamba ugeni ule ulinifunza zaidi ya darasa lolote nililokaa.

Hapa Lamu, mtu hajulikani kwa jina lake peke yake. Ukipita mitaa ya Langoni au Mkomani ukakutana na mzee asiyekujua, atakuuliza, "Wewe ni wa nani?" Ukishamtajia babako na babu yako, basi amekujua. Akitaka kukukopesha, atakukopesha kwa ajili ya babu yako. Ukifanya la aibu, habari itafika nyumbani kabla yako. Huo ni ulinzi mkubwa, na sitaudharau hata siku moja, maana umenilea. Lakini chuoni, siku ya kujiandikisha, karani hakuniuliza mimi ni wa nani. Aliniuliza namba. Hakuna pale aliyejua kwamba babu yangu hakuwahi kuvunja ahadi. Nikisema kazi nitaileta Jumatatu, neno langu lilikuwa na uzito wa Jumatatu hiyo tu, nimeileta au sikuileta. Ilinichukua muda mrefu mpaka wenzangu wakaanza kusema, "Mpe yeye, akisema atafanya huwa anafanya." Sifa ile ilikuwa yangu mwenyewe, sikuirithi, na kijana anahitaji kuwa na chake walau kimoja cha namna hiyo.

Ugeni wa kutafuta elimu si jambo jipya katika mji huu. Habib Saleh mwenyewe, yule mwanachuoni wetu mkubwa, alikuja Lamu kutoka Ngazija, katika visiwa vya Komoro, akiwa kijana, na Msikiti wa Riyadha aliouanzisha, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ukawa kituo cha wanafunzi kutoka pembe nyingi za Afrika Mashariki. Walikuja hapa hawana mtu. Darasa zake hazikumbagua mtu kwa ukoo, hata wale waliodharauliwa wakati ule walipata nafasi ya kusoma. Mji uliwapokea wanafunzi wale, wakala, wakalala, wakasoma, wakarudi kwao au wakabaki wakawa wenyeji. Kwa hivyo mzazi anaposema, "Mwanangu ataishi vipi na watu asiowajua?" namwomba akumbuke kwamba mji wetu umekuwa ukipokea watoto wa watu wasiojulikana kwa muda wote huo. Sasa zamu imefika ya watoto wetu kupokewa.

Na watapokewa. Shangazi yangu, aliposikia nakwenda bara, hakuuliza nitasoma nini. Aliuliza nitakula nini. Akanijazia chupa mbili za achari ya ndimu. Chumba cha hosteli nilipangiwa na msichana wa Kitui, Mkamba, Mkristo, ambaye hakuwahi kukaa na Mwislamu. Wiki ya kwanza tulisalimiana kwa adabu tu, kila mmoja na pembe yake. Kisha jioni moja alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na mimi nikatoa achari. Akaonja, akakohoa, akaomba tena. Tangu siku ile sufuria ilikuwa moja. Ramadhani ilipoingia, yeye ndiye aliyekuwa akiniamsha daku, kwa sababu mimi nalala kama jiwe na yeye huamka kwa mlio mdogo tu. Alikuwa akigonga kitanda changu na kijiko, "Amka, chakula kitakupita!" Kisha anarudi kulala, na asubuhi ana mtihani. Mambo mengi niliyokuwa nimeambiwa kuhusu watu wa bara yaliishia pale.

Nije kwenye masomo yenyewe. Insha yangu ya kwanza ilirudi na wino mwekundu pembeni: "Nani kasema?" Chini kidogo, tena: "Nani kasema?" Kila nilipoandika "inajulikana kwamba" au "watu husema," swali lilikuwa lile lile. Wenzangu wengi waliliona ni ukali wa mwalimu. Lakini sisi tuliosoma chuo cha Kurani tumelijua swali hilo tangu utotoni. Hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, haipokewi hivi hivi. Lazima iwe na sanadi, fulani kapokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani, na kila mmoja anapimwa ukweli wake na kumbukumbu yake. Yule mhadhiri alikuwa akinidai sanadi. Nilipolielewa hivyo, kazi ikawa nyepesi, na nikaona kwamba malezi ya madrasa hayapingani na chuo kikuu hata kidogo. Mwalimu aliyenifunza alifu na bee alikuwa ameshanitayarisha bila ya mimi kujua.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipogeuka. Kenya ina takribani hekta 61,000 za mikoko, na kama asilimia 60 ya hiyo iko katika kaunti yetu. Nilizisoma tarakimu hizi mbali na bahari, katika darasa ambalo wengi hawakuwahi kuuona mkoko kwa macho. Mhadhiri alitundika picha ya mizizi iliyotokeza juu ya tope, myembamba, imesimama wima. Akaeleza kwamba tope lile halina hewa, kwa hivyo mizizi hupanda juu kuvuta pumzi. Akauliza kama kuna anayeujua mti huo. Nikasema ni mchu. Nikaendelea, nikataja mlilana unaotoa mataruma, yaani mbavu za vyombo vya baharini, nikataja mkandaa na ule unaoitwa mkoko wenyewe, zinakotoka boriti, miti ya kubebea dari. Darasa likanyamaza. Mhadhiri akauliza, kwa upole safari hii, "Nani kasema?" Nikajibu, "Babu yangu. Alikuwa mkata boriti." Akaniambia, "Basi likizo kamuulize vizuri, uandike."

Nikarudi Lamu na daftari. Tukaketi dakani, kwenye baraza ya mlangoni, mimi na babu, ambaye hakuwahi kuingia skuli. Akanipangia miti kwa unene wake, akikunja vidole kunionyesha kila mmoja unavyojaa mkononi: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Akanieleza kuhesabu kwa korija, miti ishirini ishirini. Akasimulia majahazi yaliyokuwa yakipakia boriti kupeleka Arabuni, ambako miti ya kujengea ni adimu, mpaka mwaka 1982 serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje ya nchi. Nikamuuliza pia jambo lililonijia baada ya kukaa hosteli yenye vyumba vya mraba: kwa nini vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba? Akacheka, akaelekeza kidole juu. Boriti haiwezi kubeba dari ya mawe na chokaa kama upana unazidi mita tatu hivi. Mti ndio uliopima chumba.

Niliporudi chuoni nikaandika yote hayo, na kwenye orodha ya marejeo, katikati ya majina ya maprofesa, likakaa jina la babu yangu, na mbele yake: mahojiano, Lamu. Nilipompigia simu kumwambia, alinyamaza muda, kisha akaniuliza kama nimeliandika sawasawa pamoja na jina la babake.

Jambo la kubishana nitalipitia haraka. Barazani kwetu kijana hamkatizi mzee, na chuoni unatakiwa useme hukubaliani, na useme sababu. Wapo wanaodhani lazima uache kimoja ushike kingine. Mimi sikuacha. "Naomba kuongeza, mwalimu," kisha ukaleta hoja inayopinga. Inawezekana, na hoja iliyosemwa kwa adabu husikilizwa mpaka mwisho.

Mama zangu wenye mabinti, nawaelewa. Boti mpaka Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen, kisha mbali zaidi, na binti ni amana. Lakini Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kina hati yake kamili ya chuo kikuu tangu 2013, na hata huko binti atakuwa mgeni wa kutosha. Digrii inataka wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, diploma kwa kawaida C-, na mwenye diploma ya ufundi au ya afya amekwenda chuo sawasawa na mwingine yeyote. Msiruhusu mtu awadharau kwa hilo. Kuhusu fedha, tangu 2023 msaada wa serikali kwa wanaoingia vyuo vikuu vya umma unapimwa kwa hali ya nyumba: sehemu ni ufadhili, sehemu ni mkopo, na sehemu inabaki kwa mzazi. Hautolewi kwa asiyeomba. Mwaka baada ya mwaka naona watoto werevu wa visiwani wanakosa kwa sababu fomu haikujazwa, na inaniuma sana.

Kwa hivyo leo nitabaki hapa mpaka Laasiri. Mwenye barua yake na aje nayo, tuisome karatasi ya karo mstari kwa mstari, na fomu ya mkopo tuijaze pamoja. Wazazi nanyi mje. Wa Faza na Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, tutaanza nao, maana boti yao haisubiri.