Mlango Utazame Wapi? Mhadhara Kuhusu Feng Shui ya Nyumba

Ndugu zangu, karibuni. Feng shui ni elimu ya kale ya Kichina ya kuchagua na kupanga makao. Nianze na jina lenyewe. Kwa Kichina, feng ni upepo na shui ni maji. Mtu wa pwani hapa hahitaji kufundishwa sana, maana sisi wenyewe tumezoea kuupanga mwaka kwa kusi na kaskazi. Kuna andiko la kale linalonasibishwa na Guo Pu, mwanazuoni wa Kichina aliyefariki mwaka 324, linaloeleza namna ya kuchagua mahali pa kaburi ili upepo usitawanye chi, yaani pumzi ya uhai ya ardhi, na maji yaizuie isipotee. Walio hai nao walichaguliwa makao kwa mizani hiyo hiyo.

Tuingie nyumba moja. Tupo Beijing, katika vichochoro viitwavyo hutong, na nyumba ni siheyuan: vyumba pande nne, ua katikati. Lango halipo katikati ya ukuta, lipo pembeni kabisa, kusini-mashariki. Unainua mguu kuvuka kizingiti, unajikuta uso kwa uso na ukuta wa matofali yaliyonakshiwa. Ua huuoni, wala waliomo. Unageuka kushoto, unakatiza uwanja mdogo, unapita lango la pili, ndipo ua unafunguka mbele yako. Wenyewe husema ukuta ule huipunguzia chi kasi, na kwamba mapepo mabaya hayajui kukata kona. Mtu wa Lamu ataielewa mara moja nyumba hii, kwa kuwa nyumba za mawe za kwao nazo zina daka na njia ya kuingilia iliyopinda, ili mpita njia asichungulie ndani.

Chumba kikuu kipo kaskazini na kinatazama kusini. Hicho ni cha wazee. Mgongo wake umezibwa, kwani huko ndiko unakotoka upepo wa baridi kutoka Siberia. Beijing ipo karibu nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua la Desemba hupita chini upande wa kusini na kupenya hadi ndani ya chumba. La Juni hupanda juu, ukingo wa paa ukalizuia.

Sasa chukueni ramani ya nyumba hiyo, mwigawe kwa visanduku tisa, kusini ikiwa juu kama Wachina walivyozoea. Mstari wa kwanza andikeni 4, 9, 2. Wa pili 3, 5, 7. Wa tatu 8, 1, 6. Jumlisheni mstari wowote, wa kulala, wa kusimama au wa kona hadi kona, mtapata 15. Kila kisanduku kina asili yake, moja kati ya tano za Kichina: mti, moto, udongo, chuma na maji. Lango lipo kwenye 4, sehemu ya mti. Kusini, kwenye 9, ni moto. Kaskazini, kwenye 1, ni maji. Na 5, katikati, ni udongo, na pale siheyuan haikuweka chumba chochote, iliacha mbingu. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa kuliko yote.

Kuna swali ninaloulizwa kila mara: je, nasi milango yetu itazame kusini? Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya Juni jua lipo kaskazini mwetu, ya Desemba lipo kusini. Walimu wa feng shui hawajakubaliana kama dira igeuzwe huku kwetu. Mimi nasema uliza kwanza sababu ya kanuni. Juzi nilikwenda kwa dada mmoja aliyelalamika kuwa sebule yake inamchosha. Alikuwa ameegemeza kabati refu kwenye dirisha la kusini. Tulilisogeza, kusi ikaingia, pazia likainuka. Jikoni, jiko lake la gesi liligusana na sinki, moto na maji bega kwa bega. Kimila, mti ndio huwapatanisha, maana maji hulisha mti na mti hulisha moto. Tukaweka kabati dogo la mbao katikati.

Karatasi mlizopewa mlangoni mnazo? Choreni kuta za nje kwanza, kisha mlango. Samani bado. Nitapita meza kwa meza.