IST ya mkononi kwa kijana wa miaka 19: twende tukalikague pamoja

Haya, karibuni. Leo nimemsindikiza mzee mmoja kuangalia gari, Toyota IST, anayotaka kumnunulia binti yake. Binti ana miaka 19, leseni kaipata juzijuzi, na bajeti haina mbwembwe. Mkono mmoja nimeshika simu, mwingine tochi, kwa hiyo picha ikitikisika mnivumilie.

Kwa nini IST? Hii ya mwanzo, ya 2002 hadi 2007, ina injini ya cc 1300 au 1500, inatumia cheni ya taiming badala ya mkanda, na fundi wa kona yoyote anaijua. Vitz na Passo ni kundi hilohilo. Kijana akikwambia anataka Altezza, ile ya mbio, mwambie atainunua kwa hela yake.

Tumefika saa moja asubuhi, na muuzaji tulimwomba asiliwashe. Gusa boneti kwanza. Hili ni la baridi, vizuri. Ukikuta la moto, ujue kuna kitu kilikuwa kinapashwa kabla hujafika. Kwa kuwa limepoa, fungua rejeta: maji yawe na rangi ya kuleenti, yale maji maalumu ya kupoza injini, yasiwe ya kutu kama chai ya rangi. Fungua na mfuniko wa oili. Ukiona utando kama maziwa, maji yamechanganyika na oili, aga, ondoka.

Injini inayong'aa isikuvutie. Niliwahi kununua moja imeoshwa hadi unajiona sura, na wiki ya pili oili ikawa inachora ramani kwenye sakafu yangu.

Sasa washa, mwenzako asimame nyuma. Mvuke mwepesi wa asubuhi ni kawaida. Moshi wa bluu maana yake inakula oili.

Hapa ndipo nataka mtulie. Zima, kisha zungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha. Nasogeza simu. Taa ya mifuko ya hewa, ile ea begi, lazima iwake kisha izimike yenyewe. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, ni mbaya zaidi, maana huenda mtu ameing'oa balbu ili usijue. Hili letu… haijawaka. Narudia. Haijawaka. Mzee, umeona? Dereva mgeni ndiye hasa anayehitaji mifuko hiyo.

Matairi. Kashata zipo, ukiangalia haraka utasema mapya. Lakini tafuta ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Hapa pameandikwa 1114: wiki ya 11 ya mwaka 2014. Pitisha kidole, mpasuko unausikia. Hesabu gharama ya matairi manne mapya, itoe kwenye bei ya gari.

Barabarani: ukiwa umekanyaga breki, toa gia P (ya kuegesha) kwenda R (ya nyuma), kisha D (ya mbele). Giaboksi ikigonga au ikichelewa kushika, usiambiwe "itazoea". Tafuta barabara ya rafu usikilize bushi na shokapu. Kanyaga breki penye uwazi, gari lisivute upande.

Karatasi sasa. Namba ya chesisi ifanane na kadi, na jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayepokea hela. "Mwenyewe yuko mkoani" si jibu. Kwa namba ya gari, angalia kwenye simu faini za trafiki, madeni ya maegesho ya TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini) na uhalali wa bima. Mkataba uandikwe kwa wakili, kisha umiliki ubadilishwe TRA, mamlaka ya mapato, mara moja. Usiendeshe miezi sita kwa kadi ya mtu.

Mzee ameomba bei ishuke kwa ajili ya matairi na ile taa. Muuzaji anasema taa hiyo "magari mengi hayana". Basi tunapanda bodaboda, kuna Vitz ya silva inatusubiri Tabata, na mwenyewe ameambiwa asiiwashe.