Mama anakuja New York: ndege moja au abadilishe njiani?

Haya jamani asalaam aleikum, leo siko Jersey City, niko nyumbani Ngamiani, Tanga, barazani kwa mama, ndo maana mnasikia bodaboda zinapita hapo nje, mnivumilie tu. Nimeingia juzi. Mama baada ya kunikumbatia kitu cha kwanza aliinama kuangalia miguu yangu, akabonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, akatoa kidole, shimo likabaki pale pale. "Mwanangu, imekuwaje hii?" Nikamwambia mama, masaa 14 hewani, kiti cha dirishani, wawili pembeni yangu wamelala nikaona haya kuwaamsha nipite.

Sasa wengi mmeniuliza hizi ndege za moja kwa moja zina faida gani kama mtu unashuka umevimba hivi, na bei yenyewe iko juu. Nawajibu kwa habari ya mama.

Mara ya kwanza alipokuja kwangu nilimkatia tiketi ya kubadilisha ndege, ilikuwa nafuu kama dola 300. Uwanja wenyewe siutaji. Wakabadilisha geti, tangazo likapita kwa Kiingereza na lugha nyingine ambayo hata mimi siijui, mama amekaa pale pale alipoambiwa akae, ndege ikaondoka. Mimi niko JFK, uwanja wa ndege wa New York, asubuhi nasimama kwenye kile kizuizi, watu wanatoka, wanatoka, mpaka wakaja wale wa usafi. Simu yake haishiki mtandao. Nilikuja kumpata kesho yake, alikuwa amelala kwenye viti amejifunika kanga, visheti vyangu kavikumbatia kifuani. Jamani sijawahi kujisamehe zile dola 300.

Kwa hiyo safari hii anapanda Nairobi anashukia New York, basi. Hiyo njia ipo tangu Oktoba 2018, kwenda ni kama masaa 15, kurudi 14 kwa sababu upepo wa huko juu unasukuma kuja huku. Inaondoka usiku, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa nyepesi, ndege nzito inapata shida kunyanyuka, ule ubaridi wa usiku unaisaidia. Na sisi wa Tanga Nairobi haiko mbali kihivyo, Horohoro mpakani ni kilomita 65 tu, unavuka Lunga Lunga, Mombasa, unapanda treni ya SGR masaa matano sita umefika.

Na hiyo ya Nairobi bado ni fupi mjue. Ya Singapore kwenda New York ni kilomita elfu 15 na ushee, karibu masaa 19! Waaustralia wanatoka Perth mpaka London bila kutua tangu 2018, masaa kama 17, na sasa wanataka Sydney London, masaa 20 mpaka 22. Mwaka 1947 safari hiyo hiyo ilikuwa siku nne, mnatua Singapore, Karachi, Cairo, mnalala hoteli.

Bei iko juu kwa sababu ya mafuta. Chukua fuso linatoka Tanga kwenda Kigoma halafu njiani hakuna sheli hata moja, itabidi dizeli yote ulipakie hapa hapa, sasa ile dizeli nayo ni mzigo na mzigo unakula dizeli, kwa hiyo masaa ya mwanzo unachoma mafuta kwa kazi ya kubeba mafuta. Ile ndege ya Singapore inabeba lita 165,000, na abiria 161 tu, wakati Airbus ya aina hiyo kwa kawaida inachukua 300 na zaidi, daraja la kawaida hamna kabisa. Waliwahi kuifuta hiyo safari 2013, walikuwa wanatumia ndege ya injini nne inakula mafuta vibaya mno, wakairudisha 2018 kwa hii ya injini mbili.

Mimi mwenyewe ningekuwa peke yangu na sina haraka ningeshuka katikati ninyooshe mgongo, ninywe chai, niokoe hela. Lakini mimi nasoma vibao, naweza kugombana na mtu wa kaunta. Mama hawezi, na hapaswi kujifunza hayo kwa umri ule.

Miguu ndo tunaishughulikia. Shirika la Afya Duniani walisema 2007 kwamba kukaa bila kujisogeza masaa manne na zaidi kunaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda, ingawa wanaopatwa ni wachache, kama mmoja kwa 6,000. Mama ana presha, kwa hiyo daktari kwanza, halafu soksi za kubana, na kiti cha njiani, nimeshamchagulia. Tangu jana tunafanya mazoezi hapa ukumbini, kila adhana anainuka anatembea mpaka uani na kurudi, nimemwambia mule ndani ya ndege hamna adhana, utaangalia saa. Kaniuliza, "Na wakinihamishia dirishani, nikimwamsha mtu wa watu akakasirika?" Nikamwambia mwamshe mama, mwamshe tu.

Sasa nyie mliopita Horohoro karibuni niambieni hapo chini, asubuhi foleni inaanza kujaa saa ngapi, maana basi lake linatoka saa kumi na mbili.