Fedha ipi kwa kazi ipi: mitaji ya kampuni changa za nishati safi

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, na ninyi vijana mliokaa mpaka kwenye ngazi, habari za mchana.

Kila ninapokutana na vijana wa fani hii naulizwa swali lilelile: wawekezaji wako wapi? Leo naomba tulitangulize swali jingine. Fedha unayoitafuta ni ya kufanyia nini? Nimefuatilia kampuni kadhaa za nishati zilizoanguka huku zikiwa zimeshapata fedha, tena nyingi. Zilichukua fedha ya kazi moja zikaifanyia kazi nyingine.

Tufanye hesabu hapahapa Arusha, mji ambao kampuni ya sola ya Off Grid Electric ilianzia, na mwenzake Mobisol ikaweka ofisi zake za Tanzania. Tuseme una mtambo mdogo wa sola: paneli, betri, taa nne na redio. Mpaka ufike ghalani kwako, usafiri na gharama za bandari zikiwemo, umekula shilingi 400,000. Mteja wako wa Monduli hana 400,000 za mkupuo. Anatoa kianzio cha 40,000, kisha 1,000 kila siku kwa simu, mwaka mmoja na nusu. Asipolipa, mtambo unajifunga; akilipa, unafunguka. Mwisho wa safari amekulipa kama 580,000. Biashara nzuri.

Sasa uza mitambo 1,000 kila mwezi. Kila mwezi unatoa milioni 400, unapokea vianzio vya milioni 40, na milioni 360 zinabaki kwa wateja. Kila kundi linakurudishia milioni 30 kwa mwezi. Ukifika kundi la kumi na mbili umeshatoa bilioni 4.32, umerudishiwa bilioni 1.98. Uko shimoni kwa bilioni 2.34. Na hapo nimekupa wateja malaika, hakuna aliyechelewa hata siku moja, wala hujalipa mshahara wa mtu! Ni mwezi wa kumi na tatu ndipo makusanyo yanalingana na unachotoa, na tangu hapo shimo linaanza kujifukia pole pole.

Mhandisi aliyefungua kampuni ya sola amegeuka benki, ila benki isiyo na amana za mtu yeyote. Na kadiri anavyouza vizuri ndivyo shimo linavyozidi kina katika mwaka ule wa kwanza. Hili wengi hawaambiwi kwenye mashindano ya kuwasilisha mawazo ya biashara.

Basi fedha gani iingie wapi? Ruzuku ni ya kujaribu jambo ambalo hakuna anayejua jibu lake. Mfano bora tunao mifukoni. Kabla M-Pesa haijazinduliwa Kenya Machi 2007, Serikali ya Uingereza iliipa Vodafone ruzuku ya karibu pauni milioni 1, nayo Vodafone ikaongeza ya kwake. Walikuwa wanajaribu kuwawezesha wakopaji wa taasisi ndogo za fedha kulipa marejesho kwa simu. Wananchi wakaitumia kutumiana pesa. Hakuna benki ambayo ingekopesha kwa ajili ya jaribio la namna hiyo, na isingefaa ikopeshe. Nick Hughes, aliyekuwa mmoja wa walioiongoza kazi hiyo, baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa M-KOPA, kampuni iliyoanza 2012 kuuza sola Kenya kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa ileile. Ruzuku moja ilizaa njia ya malipo, na njia ya malipo ikazaa sekta nzima.

Fedha ya hisa, yaani ya mtu anayenunua sehemu ya kampuni yako, ni ya kujenga kampuni yenyewe: watu, programu ya kufungia mitambo, mtandao wa mawakala. Wapo wawekezaji wavumilivu wa aina hii. Acumen, iliyoanzishwa na Jacqueline Novogratz mwaka 2001, iliingia kwenye kampuni ya d.light wakati taa za sola zilikuwa bado kichekesho kwa mabenki. Lakini kununulia mzigo kwa fedha ya hisa ni kuuza shamba ili upate mbegu. Kila kontena likishuka bandarini, kipande cha kampuni kimeondoka.

Mzigo na madeni ya wateja vinataka mkopo. Hapo ndipo pagumu, na hapo ndipo nitakaa kidogo.

Aprili 2019 Mobisol iliingia kwenye ufilisi huko kwao Ujerumani, na mwaka huohuo ikanunuliwa na ENGIE, kampuni ya nishati ya Ufaransa. Mitambo yake ilikuwa mikubwa, ya kuwasha hadi televisheni, na mteja aliweza kulipa kwa miaka mitatu. Siwezi kusema hilo peke yake ndilo lililoiangusha. Lakini rudini kwenye hesabu yetu, mweke miaka mitatu badala ya mwaka na nusu, mwone shimo linafika wapi.

Halafu kuna dola. Mkopeshaji wa Ulaya anakupa dola milioni 1 kwa riba inayoonekana ya huruma. Januari 2023 dola moja ilikuwa takriban shilingi 124 za Kenya. Mwaka mmoja baadaye imekaribia 160. Deni la milioni 124 limekuwa milioni 160 bila wewe kukopa senti ya ziada, na mama wa Kitui bado analipa shilingi zake zilezile kwa siku. Ndiyo, shilingi ilipanda tena hadi karibu 129 mwaka huohuo wa 2024. Lakini aliyetakiwa kulipa Januari hakuweza kungoja. Upo mfuko wa TCX wa Amsterdam, ulioanzishwa 2007, unaobeba hatari hii kwa malipo, lakini ukijumlisha malipo hayo ile huruma ya riba inayeyuka.

Mbona basi tusikope shilingi za nyumbani? Mjiweke kwenye kiti cha meneja wa benki Nairobi, Februari 2024. Serikali inauza hatifungani ya miundombinu, yaani inakopa kwa umma kwa hati, kwa riba ya asilimia 18.46, haitozwi kodi. Wewe unakuja na sola, wateja wa vijijini na dhamana ya maneno. Ungekuwa yeye ungefanyaje? Mimi ningenunua hatifungani na kwenda kunywa chai.

Shilingi zipo, hata hivyo. Hapa kwetu, mwaka 2023 benki ya CRDB ilitafuta bilioni 40 kwa hatifungani yake ya kijani, yaani ya miradi ya mazingira, ikapata zaidi ya bilioni 171. Mwaka uliofuata mamlaka ya maji ya Tanga ikatafuta bilioni 53.12, ikazipata na kuzidi kidogo. Kule Kenya, kampuni ya sola ya Sun King ilipata mwaka 2023 shilingi zenye thamani ya dola kama milioni 130: madeni ya wateja yaliuzwa kwa kampuni maalumu, na wakopeshaji wakalipwa kutokana na makusanyo yenyewe. Mkopo wa shilingi, dhamana ikiwa ni madeni ya wateja. Ndiyo dawa hasa ya shimo letu. Ila milango hii haifunguki kwa kampuni yenye wateja 300.

Na milango midogo nayo ina upendeleo wake. Village Capital, wawekezaji wa kampuni changa, walipochunguza kampuni za huduma za fedha za kidijitali Afrika Mashariki kwa 2015 na 2016, zaidi ya asilimia 90 ya uwekezaji ulikwenda kwa zile zenye angalau mwanzilishi mmoja kutoka Ulaya au Amerika Kaskazini. Huo ni uchunguzi wa sekta jirani, lakini sioni kwa nini yetu iwe tofauti sana.

Sera nitaigusa tu. Mwaka 2020 serikali yetu iliagiza umeme wa gridi ndogo binafsi, zile za kijiji au kisiwa kimoja, uuzwe shilingi 100 kwa uniti, kama wa TANESCO. Mwananchi alishukuru, na alikuwa na haki. Aliyejenga mtambo visiwani Ziwa Victoria kwa mkopo wa miaka mingi alibaki na deni lilelile. Mwaka huohuo Kenya iliweka VAT ya asilimia 14 kwenye bidhaa za sola, ikaiondoa mwaka uliofuata. Mkopeshaji akiona hivyo hupandisha riba.

Dada pale nyuma ameuliza: benki imemtaka hati ya nyumba ya wazazi, atoe? Usitoe, mwanangu. Anza na wateja 50. Tafuta mali kauli, mzigo wa kulipia baadaye, kwa msambazaji aliyeko nchini, hata ya siku 60 tu. Weka daftari linaloonyesha kila kundi la mwezi limelipa kiasi gani kwa wakati. Hilo ndilo atakaloomba mkopeshaji mwenye akili, na wengi hawana. Kisha nenda kwenye SACCOS, chama cha akiba na mikopo, au AMCOS, ushirika wa wakulima, ya wilaya yako. Usiwaombe wakukopeshe wewe, waombe wamkopeshe mwanachama wao anunue kwako. Wewe unauza taslimu, deni linakaa kwa chama kinachomjua mtu wake kwa jina na kinachokata marejesho kwenye malipo ya kahawa au maziwa kabla hajayapokea. Kwenye mkataba, hakikisha imeandikwa nani anatengeneza betri ikifa mwezi wa nane, maana mkulima akikaa gizani hatakubali kukatwa.