Safari ya tonge: tengeneza njia ya chakula mezani kwako

Karibu, mtazamaji. Leo tunalifuata tonge moja la ugali na maharage, kutoka kinywani mpaka linapotokea. Tafuta mfuko wa mkate usio na tundu, mguu mmoja wa stokingi kuukuu, siki, magadi soda, taulo dogo, bakuli, mkasi na kamba ya mita 6. Tandika magazeti kwanza, maana patachafuka na patanuka.

Anza na kinywa chako mwenyewe. Tafuna kipande cha ugali dakika nzima bila kumeza. Umeuona utamu? Hukutia sukari. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, nacho kimeshaanza kuuvunja wanga.

Sasa ponda ugali na maharage kwenye bakuli, tia vijiko viwili vya maji badala ya mate, ufinyange tonge. Liingize kwenye stokingi, kisha bana nyuma yake kwa vidole ukilisukuma mbele. Hivyo ndivyo misuli ya umio inavyofanya, mrija wa kama sentimita 25. Kwa sababu ni misuli inayosukuma, ungeweza kumeza hata ukiwa kichwa chini miguu juu. Sikushauri.

Litoe tonge, litie kwenye mfuko wa mkate, mimina nusu kikombe cha siki, shika mdomo wa mfuko na uubinyebinye dakika 3. Huo ndio mfuko wa tumbo. Asidi yake ni kali kuliko siki hii, ndiyo maana ukuta wake hujipaka ute usije ukaungua. Hapa protini za maharage zinaanza kuvunjwa. Na tumbo lenyewe liko wapi? Ukiwauliza watu, wengi hushika kitovu. Liko juu zaidi, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Pale kitovuni ni utumbo.

Hatua inayofuata wengi huiruka: duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, chakula kinapotoka tumboni. Mimina uji wako kwenye bakuli (usifanye hili ndani ya mfuko uliofungwa, utapasuka) na unyunyize kijiko cha magadi. Povu hilo! Kongosho humwaga bikaboneti kuizima asidi, pamoja na vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta. Ini nalo huleta nyongo. Ukitaka kuiona kazi ya nyongo, tia mafuta kidogo ya kupikia kwenye glasi ya maji, ongeza tone la sabuni ya vyombo, koroga. Mafuta yanasambaratika kuwa vitone vidogo, na vitone vidogo ndivyo vimeng'enya vinavyoviweza.

Rudisha uji kwenye stokingi, ukamue juu ya bakuli. Maji yanayochuruzika ndiyo chakula kinachoingia kwenye damu. Mimi nasema kazi yenyewe iko hapa, kwenye utumbo mwembamba; tumbo hupewa sifa zisizo zake. Wapo watu walioondolewa tumbo lote kwa upasuaji na wanaishi, wanakula kidogo kidogo. Ukikosa utumbo mwembamba, kula peke yake hakukutoshi. Hebu nyoosha ile kamba sakafuni. Huenda ikatoka nje ya mlango. Urefu wote huo umekunjwa ndani yako, na kuta zake zimejaa vijidole vidogo mno, vili, vinavyofyonza virutubisho.

Sasa laza stokingi juu ya taulo na ubonyeze. Taulo linanyonya maji, kama utumbo mpana, wenye urefu wa kama mita 1.5. Humo wanaishi bakteria wanaokula sukari za maharage zilizotushinda sisi kumeng'enya, wakatuachia gesi. Basi maharage hayasingiziwi.

Kata ncha ya stokingi kwa mkasi, sukuma kilichobaki kitoke. Watoto watacheka hapa. Wakishamaliza, wape wao kazi ya kufuta meza.